Barua ya Isiolo: Upepo Unapofunga Bustani

Naandika barua hii madirisha yakiwa yamefungwa, na hata hivyo vumbi limekwisha kutua juu ya karatasi, juu ya meza, na ndani ya kikombe cha chai. Huko nje upepo wavuma tangu asubuhi. Akina mama waendao sokoni wameshika shuka zao kwa mikono miwili, na mbuzi wamejibanza nyuma ya kuta. Bustani zilizo kando ya mto ni tupu. Sikuona hata mtu mmoja aliyeinama na jembe.

Katika nchi za Ulaya wenye bustani hufungiwa nje na theluji. Kuanzia Desemba udongo wao huwa mgumu kama jiwe, wala hapana lichipualo mpaka baridi ipungue. Sisi hatuna theluji, isipokuwa hiyo kidogo tuionayo kwa mbali juu ya Mlima Kenya asubuhi mawingu yakifunguka. Lakini msidhani kwamba sisi hatuna majira ya kufungiwa nje. Tunayo, nayo ni miezi hii ya Juni, Julai, Agosti na Septemba. Wenzetu hufungiwa na theluji, sisi twafungiwa na upepo na ukavu.

Yafaa kwanza tujue sababu yake, maana mtu akijua sababu ya jambo hulalamika kidogo na kutengeneza zaidi. Katika miezi hii upepo huvuma kutoka kusini na mashariki, kutoka bahari ya Hindi. Ndio ule ambao mabaharia wa pwani huuita kusi. Upepo huo hutoka baharini ukiwa na unyevu. Ukifika kwenye Mlima Kenya na vilima vya Nyambene hupanda juu, hupoa, na kuacha maji yake huko kwa umande, ukungu na manyunyu. Ndiyo maana ndugu zetu wa upande wa Meru huvaa makoti mwezi wa Julai na kulalamika kwamba hawaoni jua. Kisha upepo hushuka upande wetu. Ukishuka hupata joto, na ukiisha kupata joto huwa na kiu. Badala ya kutuletea maji, hutunyang'anya yale machache tuliyo nayo. Basi fikirini hali ya jani la mchicha.

Mvua yetu nayo si nyingi. Sehemu za mji wa Isiolo na vitongoji vyake hupata kama milimita 400 hadi 650 kwa mwaka, na ukishuka kuelekea Merti au Garbatulla zinapungua zaidi. Nazo huja kwa mafungu mawili: moja kati ya Machi na Mei, na jingine kati ya Oktoba na Desemba. Kila fungu ni fupi. Katika siku zile twapata wiki chache tu ambazo udongo una maji ya kutosha kuotesha mbegu na kuifikisha kwenye punje. Atakayechelewa wiki mbili hapa hapati mavuno ya kuchelewa. Mara nyingi hapati mavuno.

Kwa sababu hiyo nasema jambo ambalo huenda likawashangaza wengine: mavuno ya Desemba huamuliwa mwezi wa Agosti, wakati hapana mtu shambani. Jambo hili sikulisoma kitabuni. Nilifundishwa kwa hasara, nami nawaeleza hasara yangu ili msiinunue ninyi kwa bei ile ile.

Wasomaji wengi wanakumbuka ukame ule ulioanza mwaka 2020. Mvua za vuli za mwaka huo hazikutosha. Zikafuata za masika 2021, za vuli 2021, za masika 2022 na za vuli 2022. Misimu mitano mfululizo, na yote ilitupita. Mifugo ilikufa kwa wingi katika nchi yote ya kaskazini. Wafugaji waliokuwa na ng'ombe wengi walibaki na fimbo. Sisi wenye vipande vya bustani kando ya mto tulijikaza kwa maji ya mfereji, kila mtu kwa zamu yake, na zamu zikazidi kuwa fupi.

Kabla ya mfereji kupungua sana nilikuwa nimevuna mahindi kidogo ya Katumani na kunde, nami nikaweka mbegu katika gunia, nikaliegemeza kwenye pembe ya jikoni. Ilipofika Agosti 2022 upepo ulivuma kama huu wa leo. Nikasema moyoni, bustani imefungwa, nami nimefungwa pamoja nayo. Kila nilipotoka kazini nilikaa ndani, nikasoma gazeti, nikasikiliza redio. Gunia lile sikuligusa.

Jirani yangu katika mfereji ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya udereva. Siku moja nilimkuta ameketi upande wa nyuma wa nyumba yake, mahali upepo usipofika, amemwaga kunde juu ya turubai, azichambua moja moja.

Nikamwambia, "Shikamoo, Mzee. Unatafuta nini humo na mvua haipo?"

Akajibu, "Marahaba, Karani. Ndiyo sababu natafuta sasa. Mvua ikija sitakuwa na nafasi ya kutafuta."

Nilicheka, naye akacheka, nikaenda zangu.

Mwezi wa Machi 2023 mvua ikanyesha. Sina haja ya kuwaeleza furaha ya siku ile. Watu walisimama nje wakanyeshewa kwa hiari yao. Tulikuwa tumeingoja miaka miwili na nusu. Asubuhi yake nilikwenda jikoni, nikafungua gunia, nikatia mkono ndani. Mkono ulitoka na unga. Fukusi walikuwa wamekula mahindi mpaka maganda, na kunde zilikuwa na matundu kama kichungi cha chai. Yale yaliyokuwa chini ya gunia yalikuwa yamevunda kwa sababu niliyaweka kabla hayajakauka barabara. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini nadhani hawakuwa wakisema habari za mbegu iliyowekwa mbichi.

Nikakimbilia sokoni. Siku hiyo kila mtu alikuwa amekimbilia sokoni. Nilinunua kunde za kupikia, maana za kupanda zilikuwa zimekwisha, nikazipanda kwa haraka. Katika kila mashimo kumi yaliota matatu. Nilingoja siku nyingine nikidhani zimechelewa tu, kisha nikamwendea mzee kwa aibu. Hakunisimanga. Alinipimia kibaba cha kunde zake, akasema, "Panda leo hii, mwanangu. Mvua haibishi hodi, na ikitoka haiagi."

Nilipanda siku ile ile, lakini siku kumi na sita zilikuwa zimekwisha kupotea. Kunde za mzee zilitoa maganda mvua ikiwa bado ipo. Zangu zilitoa maua mvua ikiwa inaondoka, na maua mengi yakaanguka. Yeye alivuna magunia. Mimi nilivuna beseni. Mama watoto aliitazama ile beseni, akasema kwa upole, "Basi mshahara wa mwezi huu utanunua kunde ambazo tungezichuma." Hakuongeza neno, wala halikuhitajika.

Tangu mwaka ule sijakaa bure miezi ya upepo. Sasa nitawaeleza kazi nizifanyazo, nikianza na mbegu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoniangusha.

Kwanza, ujue ni mbegu gani unayoweka. Mahindi ya Katumani, yaliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Katumani karibu na Machakos kwa ajili ya nchi kavu kama yetu, hukomaa upesi, na mbegu yake unaweza kuiweka na kuipanda tena, mradi uchague mahindi bora kutoka katikati ya shamba, mbali na mahindi ya aina nyingine ya jirani. Kutoka kila hindi chukua punje za katikati ya gunzi, uache za nchani na za shinani. Lakini mahindi chotara yasiwekwe mbegu. Hayo yamezalishwa kwa kuunganisha wazazi wawili maalumu, na ukipanda punje zake, watoto hawatafanana na mzazi: mmoja atakuwa mrefu, mwingine mfupi, na mavuno yatapungua. Kwa hayo hapana budi kununua mbegu mpya kila msimu. Basi anza kuweka fedha Agosti, ununue mapema, usingoje siku ya mvua. Kunde, pojo na mtama havina taabu hiyo.

Pili, kausha. Hapa ndipo nilipogundua kwamba adui yetu ana faida. Upepo huu ukavu, ambao hutufukuza bustanini, ndio mkaushaji mzuri wa mbegu. Tandaza mbegu juu ya turubai kwenye kivuli ambapo upepo unapita, uzigeuze mara kwa mara. Usizianike juu ya bati la moto wakati wa adhuhuri. Joto kali huua kiini cha mbegu, nawe hutajua mpaka siku ya kupanda. Ukitaka kujua kama zimekauka, chukua chupa safi iliyokauka, utie mbegu kiasi cha theluthi na chumvi kavu vijiko viwili, ufunge, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mbegu ni mbichi bado. Rudisha kwenye turubai. Isiponata, unyevu umekwisha kushuka chini ya asilimia 15 au karibu na hapo. Mimi huongeza siku mbili tatu za upepo ndipo nafunga.

Tatu, funga pasipo hewa. Nalitupa gunia. Sasa natumia mtungi wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza, nao hujazwa mpaka juu ili hewa isibaki nyingi ndani. Fukusi aliyefungiwa humo hupumua ile hewa kidogo iliyomo mpaka ikaisha, naye hufa. Aliye na mbegu chache na hana mtungi aweza kuzichanganya na majivu makavu yaliyochekechwa. Bibi zetu walifanya hivyo kabla ya dawa za dukani kufika. Na yeyote atumiaye dawa za dukani asisahau kwamba mbegu ile si chakula tena. Aiandike, aiweke mbali na watoto.

Nne, jaribu. Hesabu mbegu 20, uzifunge katika kitambaa chenye maji, ukiweke ndani mahali pasipo na upepo, ukinyunyizie kila siku. Baada ya juma moja hesabu zilizoota. Zikiota 16 au zaidi, lala usingizi. Zikiota 10, itakubidi kupanda kwa wingi zaidi. Zikiota sita, tafuta nyingine, nawe unao mwezi mzima na zaidi wa kutafuta. Jaribio hili halina gharama yoyote. Lingalifanywa jikoni kwangu Agosti 2022, ningalijua habari za gunia lile miezi saba kabla ya mvua.

Hizo ndizo habari za mbegu. Kazi nyingine nitazitaja kwa ufupi.

Samadi. Isiolo ni mji wa mifugo, na samadi ya mbuzi yapatikana karibu kila boma. Lakini ikitiwa shambani ikiwa mbichi huunguza miche. Ilundikeni sasa pamoja na mabua na majani, katika shimo au upande usio na upepo, mfunike kwa magunia makuukuu au matawi, na kuinyunyizia maji yaliyooshea mboga. Lundo lililoanzwa Julai au Agosti huwa mboji nzuri Oktoba. Lundo lililoanzwa Oktoba litakuwa tayari baada ya mvua kwenda zake.

Ua. Wengi wetu hudhani kwamba kinga bora ya upepo ni ukuta mzito. Sivyo. Ukuta mzito hupindua upepo, nao huanguka upande wa pili kwa nguvu na kuzunguka-zunguka juu ya miche. Ua wa matawi, au mstari wa miti iliyopandwa karibu karibu, huupunguza upepo kwa kuupitisha kidogo kidogo, na kivuli chake cha utulivu hufika mbali, hata mara kumi ya urefu wake. Ua wa urefu wa mtu husaidia vitalu vingi. Tengenezeni ua sasa, wakati upepo wenyewe unawaonyesha unapopitia.

Mfereji. Hii si kazi ya mtu mmoja. Wakati wa kiangazi wa juu humlaumu wa chini kwa uvivu, na wa chini humlaumu wa juu kwa ulafi, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli nusu. Vyama vya watumiaji maji vipo kwa ajili hiyo. Kikao kikifanywa Agosti, kila mtu akaja na jembe lake, mfereji husafishwa kwa siku chache. Mvua ikiisha kunyesha hapana ahudhuriaye kikao.

Zana. Jembe lenye mpini uliolegea hupoteza saa moja kila siku. Saa hiyo yaweza kuokolewa leo kwa tupa na kipande cha mti, ukiwa umeketi ndani.

Daftari. Makarani wenzangu, kazi hii ni yetu hasa. Ofisini hatungoji mwisho wa mwaka ndipo tutafute stakabadhi. Basi kwa nini bustani isiwe na daftari? Andikeni tarehe ya mvua ya kwanza, mlichopanda, kilichoota, kilichovunwa. Mkiwa na mkebe wenye kuta zilizonyooka na rula ya mtoto wa shule, mwaweza kupima mvua: kimo cha maji mkebeni, kwa milimita, ndicho kipimo cha mvua iliyonyesha. Daftari langu lina miaka michache tu, na tayari limenizuia kurudia makosa mawili.

Naona nimalize kwa habari ya mwaka ule ule wa 2023, maana ulikuwa na somo la pili. Baada ya kushindwa Machi, nilifanya kazi hizi zote Julai na Agosti, nikaingia Oktoba nikiwa na mitungi miwili iliyojaribiwa. Mvua zikaja, safari hii si haba bali kwa mafuriko. Ndiyo ile mvua ya El Niño iliyovunja barabara na kuhamisha watu katika sehemu nyingi za kaskazini. Mto ulipanda ukachukua vitalu vyangu vya chini, pamoja na kunde zilizokuwa zimeota vizuri. Nilisimama nikatazama matope mahali palipokuwa na kazi yangu.

Lakini mzee alikuwa amenionya nisipande mbegu yote kwa mara moja. Mtungi mmoja ulikuwa bado umefungwa. Maji yalipopungua nilipanda tena, nami nikavuna. Mzee, ambaye vitalu vyake vya chini vilichukuliwa vilevile, alikuja kwangu akitabasamu, akasema mtungi wake wa pili ulipata maji kifuniko kilipopasuka. Nikampimia kibaba. Sikumwambia kwamba deni limelipwa, kwa kuwa halikulipwa. Kibaba chake kilinikuta sina kitu, changu kilimkuta na mazoea ya miaka mingi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mvua ya kwanza ni ya kupandia, kama tulivyofundishwa tangu utoto. Lakini ili mtu aipandie, hana budi kuwa na cha kupanda siku hiyo. Upepo huu utavuma mpaka Septemba, wala hapana awezaye kuuzuia. Usiketi ukiulaumu. Vuta turubai, fungua gunia, tia mkono ndani, utazame utatoka na nini.

Nawaaga kwa sasa mpaka juma lijalo, na vumbi likipenda tutaonana.

Wenu,
Karani wa Isiolo